Kuinua usukani wa pikipiki ya safari ndefu: vipimo, waya na breki

Bomba la usukani kwenye pikipiki nyingi linashikwa na bolti nne tu. Mwenye alenki moja analivua na kufunga lingine kabla chai haijapoa. Kinachokula siku nzima, na kinacholeta ajali kikifanywa ovyo, ni vitu vinavyofungwa juu yake: waya wa klachi, waya wa eksileta, mpira wa breki na nyaya za swichi. Vyote vilikatwa kiwandani kwa urefu wa usukani uleule ulionunua nao pikipiki. Kila milimita unayopanda inatoka kwenye ulegevu wa waya hizo, na ulegevu ukiisha unaingia gharama mpya. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi ndogo kwa bomba na kubwa kwa waya.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni usukani

Dalili za usukani ulio chini au mbali zinajulikana. Mabega yanapanda kuelekea masikioni, shingo inakaza, na uzito wa kifua unaishia viganjani. Kidole kidogo na cha pete vinapata ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja unabanwa na gripu. Katika safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita zipatazo 830, ganzi ya namna hiyo ni kero ya hatari, maana ndiyo mikono inayotakiwa kubana breki mbele ya lori.

Kabla ya kununua chochote, fanya marekebisho matatu yasiyo na gharama. Legeza vibanio vya lever za breki na klachi, uzizungushe mpaka vidole vilivyonyooka viwe kwenye mstari mmoja na mkono kuanzia kiwiko. Lever zilizoelekea juu mno zinapinda kifundo, na watu wengi wanalaumu usukani. Kisha legeza bolti nne za bomba na ulizungushe kidogo, digrii chache tu, kuja kwako. Mwisho angalia kiti. Kiti kilichoinamia mbele kinakusukuma kwenye tenki, na mikono inageuka kuwa breki ya mwili. Hapo ukiinua usukani utapata nafuu ya siku mbili, kisha maumivu yatarudi kwa sababu chanzo kiko chini ya makalio.

Maumivu yakibaki, pima. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, au mtu aishike wima, ukiwa umevaa koti na glavu za safari. Kaa pale unapokaa ukiwa barabarani, fumba macho, legeza mabega na uache mikono inyooke mbele viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Msaidizi apime kwa futi kutoka viganja vilipo hadi gripu zilipo: kiasi gani juu, kiasi gani nyuma. Rudia ukiwa umesimama kwenye futresti, magoti yamekunjwa kidogo, kama utapita barabara za vumbi. Aliyesimama huhitaji kupanda zaidi kuliko aliyekaa. Ukichukua kipimo cha kusimama peke yake, ukikaa utakuwa kama umeshika ngazi, kwa hiyo chagua kipimo kilicho kati na kilicho karibu zaidi na namna unayoendesha mara nyingi. Kwa watu wengi kipimo hicho kinaangukia kati ya milimita 20 na 40 za kupanda, na kurudi nyuma kwa 10 hadi 25. Kurudi nyuma mara nyingi kunasaidia mgongo na mabega kuliko kupanda.

Raiza au bomba jipya?

Njia ziko mbili. Raiza ni vipande vya aluminiamu vinavyowekwa chini ya bomba la zamani au badala ya vibanio vya awali, na bomba linabaki lilelile. Bomba jipya lina mpindo mrefu zaidi na linaweza kubadili upana na pembe ya viganja. Kama mikono yako imekaa vizuri kwenye gripu na inachokosa ni kimo tu, chukua raiza. Kama viganja vinapinda kwa nje au mikono imetanuka kupita mabega, raiza hazitakufaa, tafuta bomba.

Kuna jambo la jiometri ambalo wauzaji hawalisemi. Shingo ya pikipiki, yaani mhimili unaozunguka usukani ukikatwa, haikusimama wima. Kwenye pikipiki nyingi za safari imelala nyuma kama digrii 25 hadi 28. Raiza iliyosimama mraba juu ya bamba linaloshika shokapu inafuata mlalo huo. Raiza ya milimita 30 kwenye shingo ya digrii 26 itakupandisha kama 27 na kukurudishia nyuma kama 13. Hiyo ni faida kwa wengi. Lakini kwa mtu mrefu mwenye mikono mirefu, kurudi huko kunaweza kumbana tumboni akikata kona kali, kwa hiyo kiingize kwenye hesabu. Zipo raiza zenye mashimo mawili au zilizopinda, zinazokuruhusu kuchagua mbele au nyuma. Bei yake ni kubwa kidogo na inastahili.

Fundi wa lathe anaweza kukuchongea raiza. Hilo si kosa, ili mradi achonge kutoka kwenye fimbo ngumu ya aluminiamu, si aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu, ambayo ina mapovu ndani na hukatika bila kutoa onyo. Bolti iwe ya daraja la uimara la 8.8 kwenda juu, na uzi wake uingie ndani ya aluminiamu angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake: bolti ya M8 iingie milimita 12 au zaidi, ya M10 iingie 15. Kinachovunjika sana mitaani ni bolti ya zamani iliyobakiziwa nyuzi nne baada ya kuongezewa kimo. Washa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na bomba la maji lililochomelewa kwenye vibanio, usivikubali hata kwa majaribio. Na usipange raiza juu ya raiza.

Kipenyo: kosa linalofanya mzigo urudishwe dukani

Bomba lina vipenyo viwili vya kuzingatia, pale linapobanwa katikati na pale gripu zinapokaa.

Pikipiki nyingi za Kijapani na Kihindi zina milimita 22 kote (kwa usahihi 22.2). Pikipiki kubwa za matembezi ya vumbi mara nyingi zina bomba nene katikati, milimita 28.6, linalopungua hadi 22.2 kwenye gripu. Harley-Davidson na pikipiki kadhaa za mtindo wa kruza zina inchi moja, yaani 25.4, kwenye gripu, na katikati inaweza kuwa nene zaidi. Bomba la inchi moja halikubali swichi za milimita 22, na bomba la 22 ndani ya kibanio cha 25.4 halishikiki hata ukaze vipi. Kuna vikombe vya kupunguzia kipenyo katikati. Vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo vinafaa, vipande vya kopo la soda havifai.

Angalia pia ndani ya bomba. La aluminiamu lina ukuta mnene, kwa hiyo tundu lake la mwisho ni dogo, mara nyingi kama milimita 14, wakati la chuma lina kama 18. Vizito vya mwishoni na walinzi wa mikono vilivyokaa kwenye bomba la chuma huenda visiingie kwenye la aluminiamu. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na vizito vyako mfukoni na kipimo cha venia. Jina la modeli peke yake halitoshi, maana matoleo ya miaka tofauti yana mabomba tofauti.

Jaribio la vipande vya mbao, kabla ya kulipa

Hili linachukua nusu saa na linaokoa pesa nyingi. Funika tenki kwa blanketi nene. Legeza bolti za vibanio vya juu, nyanyua bomba likiwa na vitu vyake vyote, weka chini yake vipande vya mbao vya milimita 20, ulifunge kwa kamba lisihame. Kata usukani polepole hadi mwisho wa kushoto, kisha kulia. Tazama kila waya na kila mpira. Unatafuta vitu vitatu: waya uliokaza, mpira wa breki unaovuta pale unapoingia kwenye masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani), na waya wa swichi unaobanwa kati ya shingo na fremu. Weka mbao za 30 urudie, kisha 40. Kimo ambacho kitu cha kwanza kinaanza kukaza, toa 5, hicho ndicho kikomo chako bila kununua waya mpya.

Pikipiki nyingi zinakubali 20 hadi 30 baada ya kuzipitisha waya njia fupi zaidi, kwa mfano kuutoa waya wa klachi mbele ya shingo na kuupitisha pembeni, au kufungua kishikio kimoja cha plastiki. Ukizidi 40 au 50, jiandae kununua waya.

Pikipiki isiyo na ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki) ina mpira wa breki unaoshuka moja kwa moja kutoka masta silinda hadi kalipa, kifaa kinachobana diski kwenye gurudumu. Huo unakaza zaidi gurudumu la mbele likiwa hewani, shokapu zikiwa zimenyooka kabisa. Kwa hiyo jaribio lifanyike gurudumu limeinuliwa kwa jeki chini ya fremu; likibaki chini, jaribio linakudanganya kwa sentimita kadhaa, kisha tuta la kwanza barabarani linaumaliza mpira. Kwenye pikipiki nyingi zenye ABS, mpira wa juu unaishia kwenye kifaa cha ABS chini ya tenki, hauguswi na shokapu, ila unaguswa sana na kukata kona.

Angalia pia kioo cha upepo na tenki. Ukikata hadi mwisho, kati ya ngumi yenye glavu na kitu chochote ibaki angalau sentimita moja. Kidole kikibanwa kwenye kioo wakati unageuza pikipiki yenye mizigo kwenye mteremko, utaiangusha.

Nani ana waya na nani hana

Pikipiki zenye eksileta ya umeme hazina waya wa chuma unaovuta mafuta. Zina nyaya nyembamba tu, ambazo kurefusha kwake ni kazi ya viunganishi. Harley za familia ya Touring ziko hivyo tangu toleo la 2008, na Honda Africa Twin tangu 2018. Royal Enfield Himalayan ya 411 ina waya wa chuma kwa eksileta na kwa klachi, kwa hiyo yote mawili yatazamwe. Suzuki V-Strom 650 inavuta klachi kwa waya. BMW R1200GS inasukuma klachi kwa mafuta, na hapo una mpira wa pili wa kuwaza.

Kwenye Harley nyingi za Touring nyaya za swichi zinapita ndani ya bomba. Kabla ya kuzivuta, piga picha ya kila kiunganishi, andika rangi na nafasi ya kila pini, kisha funga uzi imara mwishoni mwa nyaya ili uzi uingie wakati nyaya zinatoka. Uzi huo ndio utakaozivuta kwenye bomba jipya. Asiyefanya hivyo atashinda siku nzima akichokonoa na waya wa hanga.

Kununua waya na mpira wenye urefu sahihi

Waya wa klachi una vipimo viwili: urefu wa ganda la nje, na kipande cha waya wa ndani kinachobaki nje ya ganda. Ukiongeza ganda milimita 60, waya wa ndani nao lazima uongezeke 60 kamili, ili kipande cha nje kibaki kama kilivyokuwa. Kikizidi, marekebisho yataishiwa uzi na klachi haitaachia vizuri. Kikipungua, klachi itateleza kwenye milima na kuungua. Makosa mengi ya waya za kutengenezwa yanatokea hapa, kwa sababu fundi alipima ganda peke yake.

Pima kwa kamba inayopita njia ileile ya waya, bomba likiwa kwenye kimo kipya na usukani umekatwa upande unaohitaji urefu zaidi. Ongeza kama milimita 20 za ulegevu, usizidi hapo. Waya mrefu mno unajikunja, unashika taa ya mbele, na kwenye kona unasukumwa na kurudi kama mpini wa pampu.

Waya wa breki ya baiskeli, ambao una unene wa kama milimita 1.6, usiuweke kwenye klachi ya pikipiki. Unafanya kazi wiki moja kisha unakatika nyuzi moja moja ndani ya ganda, pasipoonekana. Ukimpa fundi akuchomelee kichwa cha waya, mwambie azitawanye nyuzi ndani ya kichwa kabla ya kumwaga risasi, ziwe kama ua. Risasi iliyomwagwa juu ya waya ulionyooka inateleza na kutoka.

Mpira wa breki ndio usioruhusu ujanja. Maduka yanayotengeneza mipira ya haidroliki ya makatapila yatakutengenezea mpira wa urefu wowote, na utastahimili mgandamizo bila shida. Tatizo ni mpira wa ndani: umetengenezwa kwa mafuta ya madini, na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanauvimbisha na kuula. Baada ya muda tundu linaziba, breki inabana na haiachii. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J1401 au DOT kwenye ganda lake. Ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma ni mizuri, ila inasaga rangi na plastiki kama msasa, hivyo ivalishe kinga kila inapogusa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) inayoanzia angalau 5 Nm na kufika 40, alenki za 4, 5, 6 na 8, soketi za 10 na 12, bisibisi, tepu ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika, spiriti na vitambaa. Kama unafungua breki: chupa ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa (mililita 250 zinatosha breki ya mbele), washa mpya za shaba mbili kwa kila bolti yenye tundu (ile inayoshika mwisho wa mpira wa breki), mpira wa plastiki unaoonyesha ndani wa milimita 5, na ndoo ya maji. Maji si ya mapambo. Mafuta ya breki yanaondoa rangi ya tenki kwa dakika chache, na maji mengi ndiyo dawa.

Soma kifuniko cha chombo cha mafuta kabla ya kumimina. Harley za zamani zilitumia DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 4. Baadhi ya klachi za mafuta zinatumia mafuta ya madini, na tone la DOT 4 humo linaharibu sili zote.

Kuvua

Piga picha pande zote. Weka tepu kwenye bomba la zamani na uandike umbali kutoka mwisho wa bomba hadi kila kitu: lever, swichi, masta silinda. Ondoa vioo vya kutazama nyuma, vizito, kisha gripu ya kushoto. Gripu inatoka kwa kuingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wake na kupuliza spiriti, au hewa ya kompresa. Gripu za kupasha joto usizipulizie chochote. Legeza skrubu au kata gundi polepole, maana nyaya zake ni laini.

Legeza waya wa klachi kwenye kirekebisho cha lever, panga mifereji ya nati na ya lever iwe mstari mmoja, utoe kichwa cha waya. Swichi zifungue zibaki zikining'inia kwa nyaya zake. Masta silinda itoe ikiwa wima na uifunge kwa kamba kwenye fremu ya kioo cha upepo, juu kuliko kalipa. Ikilala, hewa inaingia, na umejitengenezea kazi ya kutoa upepo hata kama hukugusa mpira.

Kufunga

Safisha vibanio na katikati ya bomba kwa spiriti. Hapo pasiwe na grisi wala mafuta. Laza bomba, linganisha alama za katikati, kaza bolti kwa mkono tu, kisha kaa ujaribu pembe. Kanuni nzuri ya kuanzia ni sehemu inayopanda ya bomba ilingane na mlalo wa shokapu ikitazamwa kutoka pembeni. Ukilizungusha nyuma sana, gripu zinaelekea chini na vifundo vinapinda kwa nje. Ukilisukuma mbele, uendeshaji unakuwa mzito.

Vibanio vingi vya Honda vina nukta iliyopigwa upande mmoja. Nukta inatazama mbele. Bolti za mbele zinakazwa kwanza hadi mwisho, kisha za nyuma, na mwanya unabaki nyuma tu. Viwanda vingine vinataka mwanya ulingane pande zote mbili. Fuata kitabu cha modeli yako, kwa sababu kukaza kinyume kunapasua kibanio. Bolti za M8 za vibanio kwa kawaida zinakaa kati ya 20 na 28 Nm. Kaza kwa hatua mbili.

Swichi nyingi zina kipini kidogo ndani kinachoingia kwenye tundu la bomba ili zisizunguke. Mabomba mengi ya dukani hayana tundu hilo. Kuna wanaokikata kipini kwa tupa. Upande wa kushoto hilo linavumilika. Upande wa eksileta sipendekezi, maana nyumba ya eksileta ikizunguka inavuta waya na injini inapanda bila kuambiwa. Afadhali kutoboa: funga kila kitu mahali pake, hakikisha pembe, weka alama, kisha toboa kwa drili ya kipenyo cha kipini, ukuta mmoja tu, mbali na mpindo. Laini ukingo kwa tupa. Watengenezaji wengine wa mabomba ya aluminiamu wanakataza kutoboa. Karatasi iliyo kwenye boksi itasema.

Kibanio cha masta silinda kina neno UP. Lisomeke likiwa juu. Bolti ya juu inakazwa kwanza, kisha ya chini, 10 hadi 12 Nm. Usiikaze kupita hapo: katika ajali, ni bora masta silinda izunguke kuliko lever ikatike.

Gripu ivalishe kwa spiriti au gundi ya gripu, uiache ikauke usiku mmoja. Upande wa kulia acha mwanya wa milimita 1 au 2 kati ya gripu na kizito. Vuta eksileta hadi mwisho, uachie: irudi kwa kishindo, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Isiporudi, hakuna kuwasha injini mpaka ujue inachoshika.

Kupitisha waya na kurekebisha

Waya zipite ndani ya vishikio vyake vya asili inapowezekana, zisikatize mbele ya vituo vya usukani (vizuizi vya mwisho wa kukata) vilivyo shingoni, na zisifungwe pamoja kwa kamba za plastiki karibu na shingo. Pale zinahitaji kuteleza; ukizifunga zinajipinda mahali pamoja kila kona na kukatika mwezi wa tatu au wa nne.

Ulegevu wa eksileta, ukipimwa kwenye ukingo wa gripu, uwe milimita 2 hadi 6 kwa Honda nyingi, na 3 hadi 5 kwa nyingine nyingi. Lever ya klachi icheze 10 hadi 20 kwenye ncha kabla ya kuanza kuvuta. Washa injini ikiwa nje, gia huru, iungurume taratibu bila kuvuta mafuta. Kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, waya wa eksileta ni mfupi au umebanwa. Hilo likitokea unapogeuza barabarani, pikipiki itakuruka. Zima, panga upya.

Kutoa upepo

Ruka sehemu hii kama hukufungua mpira. Kama umefungua, weka washa mpya za shaba pande zote mbili za jicho la mpira. Bolti yenye tundu inakazwa kati ya 23 na 34 Nm kulingana na kiwanda. Washa zilizotumika zinavuja hata kwa toki sahihi.

Jaza chombo, geuza usukani ili masta silinda iwe juu kuliko kila kitu. Ingiza mpira wa plastiki kwenye bolti ya kutolea upepo ya kalipa, mwisho wake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Bana lever, fungua robo mzunguko, funga, ndipo uachie lever. Rudia mpaka mapovu yaishe, na usiache chombo kishuke chini ya alama. Kikikauka unaanza upya. Upepo hupenda kukaa pale mpira unapoondoka kwenye masta silinda, hasa usukani ukiwa juu zaidi, kwa sababu hapo pametengenezwa kilima kipya. Zungushia kitambaa, bana lever, legeza bolti ya juu kidogo, kaza kabla ya kuachia. Lever ikibaki laini, ifunge kwa kamba kwenye gripu usiku kucha na kifuniko kikiwa kimefungwa. Mapovu madogo yatapanda yenyewe.

Kwa pikipiki yenye ABS, njia hii mara nyingi inatosha ikiwa hewa haikufika kwenye kifaa chenyewe. Ikifika, baadhi ya modeli zinahitaji kompyuta ya kuwasha pampu yake. Dalili ni lever inayokuwa ngumu ukiipiga haraka mara tatu na kulegea ukiibana taratibu.

Mwendo wa kwanza

Anza uwanjani, mwendo wa kutembea, ukipiga duara kushoto na kulia hadi mwisho wa usukani. Kisha breki ya mbele mara kumi kwa nguvu inayoongezeka. Shika bomba na kulisukuma kwa mwili wote. Likizunguka ndani ya vibanio, kuna grisi au kipenyo si sahihi.

Ukitoka barabarani utaona tofauti mbili. Mwili umesimama zaidi, kwa hiyo upepo unakupiga kifuani kuliko zamani, na kioo cha upepo kilichokufaa mwanzo huenda sasa kikakurushia mvumo kofiani. Ya pili ni nzito zaidi: uzito wako umerudi nyuma, gurudumu la mbele limepungukiwa mzigo. Ukiwa na boksi la nyuma lililojaa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, usukani unaweza kuanza kutikisika. Usiukabe, legeza mikono, punguza mafuta taratibu. Kisha hamisha vitu vizito kutoka boksi la nyuma kwenda maboksi ya pembeni au begi la tenki, angalia upepo wa tairi na beringi za shingo. Likiendelea, shusha usukani milimita 10 uone.

Wanaoendesha Ujerumani wanunue bomba lenye karatasi ya ABE (kibali rasmi cha kifaa) au walipeleke kukaguliwa TÜV (shirika la ukaguzi wa vyombo vya moto), na majimbo mengi ya Marekani yana kikomo cha kimo cha gripu, mara nyingi kikipimwa kwa mabega ya dereva.

Baada ya kilomita 100 hadi 200 rudia toki kwenye bolti zote za vibanio, angalia jasho la mafuta kwenye washa za shaba, na upapase ganda la kila waya kwa vidole pale linapopita shingoni. Ukikuta sehemu imeanza kung'aa, tayari inasagwa. Ihamishe kabla ya safari inayofuata.